Uzi: Mama anataka kwenda Ngazija kwa bahari mwezi wa Agosti. Naomba ushauri wa wanaojua njia hii

Mwambao wa Kusi (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, amani iwe kwenu. Naandika nikiwa Shangani, Mtwara, na ninaomba mnisomee kwa subira kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kuelezwa kwa mistari miwili.

Mama yangu mzazi, aliyevuka miaka 70, amealikwa harusi ya mjukuu wa dada yake huko Ngazija. Kama mjuavyo, harusi kubwa za Wangazija huangukia Julai na Agosti, wakati ndugu zao waishio Ufaransa wanaporudi nyumbani. Mama hataki kusikia habari za ndege, na hoja yake ni ngumu kuipinga. Anasema kwamba akisimama ufukweni hapa Shangani, Ngazija iko mbele ya uso wake, hivyo haoni sababu ya kukaa ndani ya basi zaidi ya kilomita 500 kuelekea kaskazini hadi Dar es Salaam, ili kutoka huko arudishwe kusini kwa angani. Nimepima kwenye ramani na nimekuta kwamba hajakosea. Kutoka Mtwara hadi Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko Ngazija, kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 370, ilhali kutoka Dar es Salaam hadi Moroni ni karibu kilomita 700.

Tatizo ni kwamba njia hiyo nimekwisha kuipita mwenyewe, na ndiyo sababu sipati usingizi.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Julai, nilipanda chombo cha mbao chenye injini kilichokuwa kimepakia vitunguu, mchele na mbuzi. Niliambiwa safari ni ya siku moja na nusu. Tuliondoka Jumatatu baada ya alasiri, na mlima Karthala tuliuona alfajiri ya Alhamisi, mweusi, ukiwa na wingu shingoni. Usiku wa pili pampu ya kutoa maji iliziba, kwa sababu maganda ya vitunguu yaliyopeperuka kutoka kwenye magunia yalikuwa yamejaa ngamani, chini kabisa ya chombo, na mabaharia wakaanza kufua maji kwa madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa midomo. Nilishika dumu langu mpaka mikono ikafa ganzi. Mbuzi walikuwa wamenyamaza, na hilo ndilo lililonitisha kuliko mawimbi.

Hata hivyo, kinachonikera hadi leo ni jambo jingine. Tulipokaribia bandari, karani wa chombo alitoa karatasi ya daftari la shule iliyoandikwa majina ya watu, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu naye niliisoma. Palikuwa na majina tisa. Sisi tuliokuwa ndani ya chombo tulikuwa 23, na jina langu halikuwamo. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kabisa kwamba mimi ni mgeni wa nahodha, na wageni wa nahodha hawaandikwi.

Maswali yangu ni mawili. Je, mwezi wa Agosti mwanamke wa umri huo anaweza kuvuka kutoka hapa bila kuhatarisha afya yake? Na je, kuna namna ya mtu wa kawaida kuhakikisha kwamba jina lake limeandikwa kabla kamba hazijafunguliwa gatini?

Dira na Usukani

Mwanangu Mwambao, mimi ni baharia mstaafu na nimeupita mkondo huo zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, katika meli za chuma na katika vyombo vya mbao. Nitajibu swali la kwanza, la pili nitawaachia wengine.

Kosa la mama yako, ambaye naomba unifikishie shikamoo yangu, ni kupima bahari kwa kilomita. Bahari hupimwa kwa upepo na mkondo. Moroni iko mashariki ya Mtwara, ikiegemea kidogo kusini. Kusi, ambalo huanza Aprili na kuwa kali zaidi kati ya Juni na Agosti, linatoka kusini-mashariki. Kwa hiyo anayekwenda Ngazija mwezi wa Agosti anaelekeza omo yake, yaani mbele ya chombo, karibu moja kwa moja kwenye mdomo wa upepo. Ongeza na mkondo. Maji ya bahari kuu yanakuja kutoka mashariki, yanagonga pwani yetu karibu na Rasi Delgado, kisha yanagawanyika, sehemu moja ikishuka kuelekea Msumbiji na nyingine ikipanda kaskazini kupita Mtwara, Lindi na Kilwa. Anayetoka hapa kwenda Ngazija anapanda ngazi inayoteremka.

Tazama hesabu ya safari yako mwenyewe. Umbali ni kama maili 200 za baharini. Chombo cha mbao chenye injini ya wastani, bahari ikiwa shwari, huenda maili 8 kwa saa, na hiyo ingekuwa safari ya saa 25, ndiyo "siku moja na nusu" uliyoambiwa, nafasi kidogo ya dharura ikiwemo. Ninyi mlitumia saa 60 hivi, maana yake wastani wenu ulikuwa maili tatu na kitu. Hakuna aliyekudanganya kuhusu umbali. Walichokuficha ni msimu.

Wazee wetu walilijua hili bila kalamu. Walikwenda na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, likiwapiga ubavuni na kuwajazia tanga, wakafanya biashara yao, wakarudi na kusi likiwa nyuma ya shetri. Katikati palikuwa na tanga mbili, ambapo upepo hauna msimamo na nahodha mwenye busara alikarabati chombo chake ufukweni.

Wengi huuliza kwa nini basi zisiletwe boti za kasi kama zile za Dar es Salaam na Unguja, ambazo huvuka kwa saa mbili. Swali ni zuri na jibu lake limo katika kanuni. Kanuni za kimataifa za boti za kasi zinataka boti ya abiria isiwe mbali na mahali pa kukimbilia zaidi ya mwendo wa saa nne kwa kasi yake ya kazi. Kati ya Mtwara na Moroni, katikati ya njia, uko maili 100 kutoka kila upande. Boti ya maili 30 kwa saa ina eneo la maili 120, kwa hiyo kwenye karatasi inapita. Boti ya maili 22 ina eneo la maili 88, na haipiti. Tena hata ile inayopita, cheti chake kinaweka kikomo cha urefu wa mawimbi, na katika kusi kikomo hicho kinaweza kufikiwa mara kwa mara. Mkondo wa Unguja una kinga ya kisiwa kwa sehemu ya njia, lakini hapa kwetu ukishaiacha Rasi ya Msangamkuu hakuna kitakachokukinga.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba Agosti asiende, na hasa asiende kwa chombo cha mbao.

Binti Mikindani

Shikamoo Mzee Dira. Nimekusoma kwa heshima, ila nina neno.

Kila uzi wa namna hii huishia kwa mtu mwenye uwezo kumwambia asiye na uwezo apande ndege. Mimi ni mfanyabiashara ndogondogo. Nimevuka kwenda Moroni mara nne nikiwa na vitenge na mchele, na ndege haiwezi kubeba magunia yangu kwa bei ambayo itaniachia faida. Wanawake wa kusini tunavuka kwa sababu njia nyingine hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Wenye umri wanakumbuka kwamba hata kwenda Dar es Salaam tulikuwa tukitegemea meli, kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 na kabla ya lami kukamilika. Masika ikiikata barabara ya Rufiji, meli ya Canadian Spirit ilikuwa nafuu ya watu. Barabara ilipokamilika, abiria waliihama bahari, na meli nazo zikahama. Tukabakiwa na gati refu na zuri linalopokea korosho, saruji na makaa ya mawe.

Sisemi kwamba mama apande chombo cha mbao mwezi wa nane. Nasema msituhukumu tunaopanda.

Mwana wa Kitunda

Mimi ni wa Lindi, ng'ambo ya pili ya ghuba, na kila siku napanda kivuko kwenda mjini. Nitajibu swali la pili la mwanzisha uzi, kwa kuwa linanigusa.

Mwaka 2011 nilikuwa nasoma Unguja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba. Kulipokucha watu walikusanyika Maisara kutambua miili ya ndugu zao. Nilikwenda na mwenzangu wa darasani aliyekuwa akimtafuta kaka yake. Nakumbuka mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika tiketi mkononi, si yake bali ya mumewe, ambaye alikuwa amenunua mbili, akapanda na nyingine na kuiacha hiyo kwa ajili ya mtu ambaye hakutokea. Alikuwa akimwonyesha kila mwenye sare, akidhani kwamba namba iliyo kwenye tiketi ya pili itamwongoza mtu kwenye jina lililo jirani. Hapakuwa na orodha ya kumwongoza popote. Hesabu za mwanzo zilitaja abiria mia chache, na tume iliyoundwa baadaye ikaja na hesabu ya zaidi ya 2,000 waliokuwamo. Miili iliyopatikana ilikuwa 203. Kaka wa mwenzangu hayumo katika hiyo.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Mzee Dira ameeleza kusi, nami naomba kila mtu aitazame hiyo tarehe kwa jicho hilo. Boti ile ilikuwa imejengwa kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington huko Marekani, na ikakutana na Julai yetu.

Kuhusu orodha, linganisheni mambo mawili. Meli ya Estonia ilipozama katika Bahari ya Baltiki tarehe 28 Septemba 1994, ikijulikana kwamba imebeba watu 989, waliokufa walihesabiwa 852 na waliookolewa 137, na hesabu ikafunga. Meli ya Joola ya Senegali ilipopinduka tarehe 26 Septemba 2002, ikiwa imejengwa kubeba chini ya watu 600, walikufa zaidi ya 1,800, na idadi yenyewe bado inabishaniwa kwa sababu wengi walipanda bila tiketi. Vifo vyote ni vifo, lakini aliyefiwa katika msiba wa kwanza alipewa jibu, na aliyefiwa katika msiba wa pili aliambiwa asubiri.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unataka watu wote katika meli ya abiria wahesabiwe kabla ya kuondoka, na majina yao yabaki nchi kavu, mahali ambapo waokoaji wanaweza kuyapata. Hilo la kubaki nchi kavu ndilo kiini. Karatasi ya daftari iliyo mfukoni mwa karani inazama pamoja na karani.

Kwa hiyo, ndugu Mwambao, njia ya mtu wa kawaida ni hii. Usipande kupitia kwa mtu anayekwambia "wewe pita tu". Pita bandarini, pita Uhamiaji, pasi yako igongwe muhuri wa kutoka, kisha umwombe wakala akuonyeshe jina lako kwenye orodha inayobaki ofisini. Akikataa au akicheka, rudi nyumbani. Na nakala ya hayo yote mwachie mtu wako. Hata muhuri wa Uhamiaji peke yake ni ushahidi kwamba siku fulani uliondoka nchini kwa kupitia Mtwara, na mgeni wa nahodha hana hata huo.

Mpanda Milima

Naongeza jambo dogo kutoka ugenini. Nilisoma Uturuki, na mara mbili nilivuka kutoka Bodrum kwenda kisiwa cha Kos, ambacho ni cha Ugiriki. Kisiwa unakiona kwa macho kutoka ufukweni, na safari haifiki saa moja, lakini unapanga foleni ya pasi upande wa kwanza, unahesabiwa ukipanda, unapanga foleni nyingine upande wa pili. Nilikuwa naona ni usumbufu mtupu hadi nilipousoma uzi huu.

Nao wana kusi lao. Julai na Agosti kuna upepo mkavu uitwao meltemi unaoshuka kutoka kaskazini katika Bahari ya Aegean, na ukifikia nguvu fulani katika kipimo cha Beaufort mamlaka za bandari hutangaza zuio, na meli hazitoki. Nilikwama Kos siku moja na nusu. Abiria walikaa kwenye mikahawa wakinung'unika, lakini hakuna aliyetafuta nahodha wa kumpitisha pembeni. Sidhani ni kwa sababu wao ni wema kuliko sisi. Walijua kwamba kesho au keshokutwa kutakuwa na meli nyingine, na tiketi zao bado zina thamani. Hapa kwetu chombo kikiondoka bila wewe, kingine hujui kitakuja lini, na hapo ndipo mtu anapokubali kuwa wa 24 katika orodha ya tisa.

Binti Mikindani

Mpanda Milima, hilo la mwisho umelisema sawasawa. Mara yangu ya tatu nilisubiri hapa Mtwara siku 12, nikila mtaji, na chombo kilipotokea sikuuliza chochote.

Kaka Kitunda, pole kwa yale ya Maisara. Nami nakiri kwamba katika safari zangu nne jina langu limeandikwa mara moja tu, na siku hiyo niliandikwa kwa jina la mume wangu, ambaye hakuwa safarini.

Mwambao wa Kusi

Nimewasoma wote, na nimemsomea Mama kwa sauti baada ya chakula cha usiku. Mzee Dira, amekuitikia marahaba, na ana swali. Anasema, ikiwa kusi ni baya kwa kwenda, basi harusi ataisamehe, na atakwenda kaskazi likianza, mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza, kumwona mtoto atakayekuwa amezaliwa au anayetarajiwa. Je, hapo utampa ruhusa?

Dira na Usukani

Mwambie mama kwamba mimi si wa kumpa ruhusa, ila amefikiri kama mwana wa pwani. Kaskazi litamfaa kwa kwenda, na bahari yake huwa na adabu zaidi. Lakini nisimfiche upande wa pili. Msimu wa vimbunga katika pembe hii ya bahari ni Novemba hadi Aprili, yaani unaingiliana na kaskazi lenyewe. Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija tarehe 24 Aprili 2019 na kesho yake kikaingia Cabo Delgado, na sisi hapa Mtwara tulifunga shule na maduka tukisubiri. Chido iliipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024 na siku iliyofuata ikaingia Msumbiji. Na asije mtu akasema kwamba vitu hivyo ni vya wenzetu tu, kwa maana wazee wa Lindi wanakumbuka cha mwaka 1952.

Tofauti ni kwamba kimbunga hutangazwa siku kadhaa kabla, na kusi halitangazwi kwa sababu lipo kila siku. Kwa safari ya saa 25 au 30, utabiri wa siku tatu unakutosha. Asikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi ya kuondoka, na kama kuna mgandamizo mdogo wa hewa wenye jina, popote kati ya Madagaska na hapa, afungue mzigo wake na kurudi nyumbani. Achague chombo cha chuma. Akague kwa macho maboya yako wapi, kwa kuwa mara nyingi huwa yamefungiwa stoo na ufunguo yuko nao mtu asiyeonekana. Alale karibu na katikati ya chombo, ambako mtikisiko ni mdogo, na asile samaki siku ya kwanza. Tangawizi mbichi ya kutafuna inasaidia kigegezi.

Kurudi, asubiri kusi la mwanzo, mwezi wa nne mwishoni au wa tano, lakini najua bibi hawezi kukaa ugenini miezi minne.

Mwambao wa Kusi

Mzee wangu, huyu anaweza. Ameniambia kwamba miezi minne ndiyo muda wa kumlea mzazi na mtoto hadi wapate nguvu, na kwamba yeye alidhani kila mtu anajua hivyo.

Leo asubuhi nilikwenda bandarini kuuliza utaratibu, kama ndugu Kitunda alivyoelekeza. Wakala mmoja alinionyesha fomu yao, na ina nafasi ya jina kamili, umri, namba ya pasi na jina la mtu wa kuarifiwa, na nakala moja hubaki ofisini kwao. Nilimwomba nione ya safari iliyopita. Alisita, kisha akaigeuza upande wangu huku ameziba majina kwa kiganja ili niione hesabu tu. Watu 16, na chini yake muhuri wa Uhamiaji na saa ya kuondoka. Sikuweza kujua kama waliopanda walikuwa 16 kweli.

Nimerudi nimemweleza Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kwenye fomu ile watamwandika kwa jina la kwenye pasi, ambalo tangu aolewe hakuna anayemwita, au lile ambalo watu wa Ngazija wanamjua kwalo. Nimemwambia ni la kwenye pasi. Amesema basi nirudi kesho nikamwulize wakala kama kuna nafasi ya kuandika na la pili.